Asili ya Sehemu: Kupata Uwezekano wa Matukio Sahili

Katika hisabati, uwezekano ni kipimo cha nafasi ya jambo kutokea, nacho huandikwa kwa namba inayoanzia 0 na kuishia 1. Jambo lisiloweza kutokea kabisa, kama vile kupata 7 kwa kurusha dadu moja yenye nyuso 6 zilizoandikwa 1 hadi 6, lina uwezekano wa 0. Jambo ambalo halina budi kutokea, kama vile kupata namba isiyozidi 6 kwa dadu hiyohiyo, lina uwezekano wa 1. Na mambo mengine yote, ambayo ndiyo mengi na ndiyo yanayowashughulisha watu, yamo baina ya namba hizo mbili, yakisogea karibu na 0 kadiri yanavyokuwa adimu na karibu na 1 kadiri yanavyotarajiwa zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi anayepata jibu la 5/4 au la namba hasi katika swali la uwezekano hana haja ya kumngoja mwalimu amsahihishe, maana jibu lenyewe limekwisha kumwonyesha kwamba kuna mahali hesabu imekosewa.

Ili kipimo hicho kipatikane, istilahi tatu zinahitajika. Ya kwanza ni jaribio, yaani tendo linaloweza kurudiwa tena na tena na ambalo mwisho wake haujulikani kabla ya kutendwa, kama kurusha sarafu, kuchomoa karata moja katika pakiti iliyochanganywa, au kuokota gololi mfukoni bila kuangalia. Ya pili ni tokeo, yaani kila mwisho mmojawapo ambao jaribio hilo linaweza kuufikia. Matokeo yote yakikusanywa pamoja, bila moja kuachwa na bila moja kuhesabiwa mara mbili, huitwa seti ya matokeo. Ya tatu ni tukio, nalo ni tokeo moja au kundi la matokeo ambalo mtu ameamua kulifuatilia: katika kurusha dadu, kupata 4 ni tukio lenye tokeo moja, na kupata namba shufwa ni tukio lenye matokeo matatu, yaani 2, 4 na 6. Tukio huitwa sahili linapohusu jaribio moja peke yake, bila kuunganishwa na jaribio jingine linalofuata au linalofanyika sambamba nalo.

Kanuni inayofundishwa shuleni ni fupi. Uwezekano wa tukio ni sehemu ambayo kiasi chake, yaani namba ya juu, ni idadi ya matokeo yanayolitimiza tukio hilo, na asili yake, yaani namba ya chini, ni idadi ya matokeo yote yanayoweza kupatikana. Mwanahisabati wa Ufaransa Pierre-Simon Laplace aliieleza kanuni hii kwa ukamilifu katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1812 na katika insha aliyowaandikia wasomaji wa kawaida mwaka 1814, lakini hakuiacha bila sharti: matokeo yanayohesabiwa lazima yawe na nafasi sawa ya kutokea, pasiwepo sababu yoyote ya kutarajia mojawapo kuliko jingine. Wanafunzi wengi huishika kanuni na kulisahau sharti, na vitabu vingi vya kiada hulitaja sharti hilo mara moja mwanzoni mwa mada kisha visilirudie. Hilo ni kosa la ufundishaji linalostahili kurekebishwa, kwa sababu kiasi cha sehemu hii huwapotosha watu mara chache sana, ilhali makosa mengi yaliyofanywa katika kuhesabu uwezekano, yakiwemo yaliyofanywa na mabingwa wa hisabati, yalianzia katika asili.

Nchini Marekani, viwango vya pamoja vya hisabati vilivyotolewa mwaka 2010 viliiweka mada hii katika darasa la saba, ambamo wanafunzi wengi wana umri wa miaka 12 au 13. Kenya, katika mfumo wa 8-4-4, iliiweka kidato cha tatu. Na Tanzania, katika muhtasari uliotumika kwa miaka mingi, iliiweka kidato cha nne. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa ugumu wa hesabu zinazohitajika, kwa kuwa mtoto anayejua kuandika sehemu, kuifupisha, na kuigeuza kuwa desimali au asilimia tayari ana zana zote, na zana hizo hupatikana katika shule ya msingi. Kinachobaki ni kumzoesha kuorodhesha kwa uangalifu, kazi ambayo haidai umri mkubwa bali mazoezi mengi.

Dadu ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Anayeulizwa uwezekano wa kupata namba tasa kwa kurusha dadu mara moja huandika kwanza seti ya matokeo, yaani 1, 2, 3, 4, 5 na 6, kisha huweka alama kwenye zile zilizo tasa, ambazo ni 2, 3 na 5, akakumbuka kwamba 1 si namba tasa. Kiasi ni 3, asili ni 6, na sehemu 3/6 hufupishwa kuwa 1/2. Katika pakiti ya karata 52, uwezekano wa kuchomoa ree ni 4/52, yaani 1/13, na uwezekano wa kuchomoa kopa yoyote ni 13/52, yaani 1/4. Mifano ya aina hii huenda haraka, kwa kuwa dadu na karata zilitengenezwa kwa makusudi ili kila uso na kila karata iwe na nafasi sawa, na hivyo sharti la Laplace limekwisha kutimizwa na mtengenezaji kabla mwanafunzi hajaanza kuhesabu.

Mambo hubadilika pale orodha inapopaswa kutengenezwa na mwanafunzi mwenyewe. Chukua neno KILIMANJARO, kila herufi yake ikiandikwa kwenye kikaratasi chake, vikaratasi vikakunjwa na kutiwa kwenye kopo, kisha kimoja kikachomolewa bila kuangalia: je, uwezekano wa kupata irabu ni upi? Mwanafunzi mwenye haraka huona kwamba neno lina herufi tisa tofauti, yaani K, I, L, M, A, N, J, R na O, na kwamba tatu kati yake ni irabu, naye hujibu 3/9, akafupisha kuwa 1/3 kwa kujiamini kabisa. Hesabu yake ya sehemu haina kosa lolote. Kosa lipo katika kitu alichokihesabu, maana mkono unaoingia koponi haukuti herufi tisa bali vikaratasi 11, na miongoni mwa vikaratasi hivyo I ipo mara mbili, A ipo mara mbili, na O ipo mara moja. Irabu ni tano kati ya vikaratasi 11, hivyo jibu ni 5/11. Kosa hilohilo hujitokeza kwenye mfuko wenye gololi tatu nyekundu, tano za bluu na mbili nyeupe, ambapo wapo wanaosema kwamba rangi ni tatu na kwa hiyo nafasi ya kupata nyekundu ni 1/3, ingawa mkono hauokoti rangi, huokota gololi, na gololi ni 10, zikiwemo nyekundu tatu, na jibu ni 3/10.

Kwa hiyo swali la kwanza katika kila fumbo la uwezekano ni hili: kitu gani hasa kinachaguliwa? Miezi ya mwaka inaonyesha vizuri jinsi jibu linavyoweza kubadilika bila neno moja la tukio kubadilika. Majina ya miezi 12 yakiandikwa kwenye vikaratasi na kimoja kikachomolewa, uwezekano wa kupata mwezi wenye siku 31 ni 7/12, kwa kuwa miezi ya namna hiyo ni saba: Januari, Machi, Mei, Julai, Agosti, Oktoba na Desemba. Lakini tarehe za mwaka usio mrefu zikiandikwa zote 365 na moja ikachomolewa, uwezekano wa tarehe hiyo kuangukia mwezi wenye siku 31 si 7/12 tena bali ni 217/365, kwa sababu miezi saba ikizidishwa kwa siku 31 hutoa siku 217. Desimali zake, 0.583 kwa njia ya kwanza na 0.595 kwa njia ya pili, zinakaribiana, lakini sababu ya kutolingana ndiyo yenye uzito: katika jaribio la kwanza Februari ina nafasi sawa na ya Machi, na katika la pili Februari ina nafasi ndogo zaidi kwa kuwa imepungukiwa na siku tatu. Mwalimu anayewapa wanafunzi maswali haya mawili pamoja, ubao mmoja, siku moja, huwafundisha zaidi kuliko anayewapa maswali 20 ya dadu.

Kuna hali ambamo sharti la nafasi sawa halitimizwi hata kidogo, na hapo kuhesabu matokeo hakusaidii. Kizibo cha chupa ya soda kikirushwa juu kina njia mbili tu za kutua, ama mdomo wake ukiangalia juu ama ukiangalia chini, na bado hakuna sababu yoyote ya kusema kwamba kila njia ina uwezekano wa 1/2, kwa kuwa umbo la kizibo halilingani pande zote mbili kama lilivyo umbo la sarafu. Namna pekee ya kupata namba ya kuaminika ni kukirusha mara nyingi na kuandika kila kinavyotua, kisha kugawanya idadi ya mara ambazo tukio lilitokea kwa idadi ya mara zote. Uwezekano unaopatikana hivyo huitwa uwezekano wa majaribio, ukitofautishwa na uwezekano wa nadharia unaopatikana kwa kuorodhesha. Usemi wa watu wengi kwamba jambo ama litakuwa ama halitakuwa, na kwa hiyo nafasi ni nusu kwa nusu, umejengwa juu ya kuhesabu matokeo mawili bila kuuliza kama yana nafasi sawa, nao ndio unaomfanya mtu aone tiketi ya bahati nasibu kuwa na nafasi nzuri kuliko iliyo nayo.

Isidhaniwe kwamba kosa hili ni la watoto na wacheza kamari peke yao. Jean le Rond d'Alembert, mmoja wa wahariri wa Encyclopédie ya Ufaransa na mwanahisabati aliyeheshimiwa Ulaya nzima, aliandika katika juzuu ya nne ya kamusi elezo hiyo, iliyotoka mwaka 1754, makala kuhusu mchezo wa sarafu, na humo akauliza uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja sarafu inaporushwa mara mbili. Hoja yake ilikuwa kwamba kichwa kikitokea mara ya kwanza mchezo umekwisha na hapana haja ya kurusha tena, hivyo matokeo ni matatu tu: kichwa mara ya kwanza; mwenge kisha kichwa; mwenge kisha mwenge. (Mwenge ni upande wa pili wa sarafu kama Watanzania walivyozoea kuuita, tangu shilingi ya mwaka 1966 iliyokuwa na kichwa cha Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili.) Matokeo mawili kati ya hayo matatu yana kichwa, na d'Alembert akahitimisha kwamba uwezekano ni 2/3.

Orodha yake ni sahihi kwa maana kwamba haikuacha kitu, lakini matokeo yake matatu hayana nafasi sawa, kwa kuwa la kwanza linahitaji mrusho mmoja tu kwenda linavyotakiwa, na mengine mawili yanahitaji mirusho miwili. Sarafu ikirushwa mara mbili bila kukatizwa, matokeo yenye nafasi sawa ni manne: kichwa na kichwa, kichwa na mwenge, mwenge na kichwa, mwenge na mwenge. Matatu kati yake yana kichwa, na jibu sahihi ni 3/4. Tokeo la kwanza la d'Alembert kwa kweli ni matokeo mawili yaliyofungwa pamoja, na kufunga matokeo pamoja si haramu, mradi anayefunga akumbuke kwamba fungu lenye mawili lina uzito mara mbili.

Zaidi ya miaka 130 kabla ya makala hiyo, Galileo Galilei wa Italia alikuwa ameagizwa kutatua fumbo la namna hiyohiyo, nalo linafaa kufuatwa hatua kwa hatua kwa sababu linaonyesha kazi ya kuorodhesha ikifanywa vizuri. Wachezaji wa dadu tatu walikuwa wamegundua, kwa kucheza kwa muda mrefu, kwamba jumla ya 10 hujitokeza mara nyingi kidogo kuliko jumla ya 9, na jambo hilo liliwatatiza, kwa sababu jumla zote mbili hupatikana kwa njia sita. Njia za kupata 9 ni 6-2-1, 5-3-1, 5-2-2, 4-4-1, 4-3-2 na 3-3-3. Na njia za kupata 10 ni 6-3-1, 6-2-2, 5-4-1, 5-3-2, 4-4-2 na 4-3-3. Sita kwa sita: kwa nini basi moja iishinde nyingine?

Jibu huonekana mara moja dadu zikipakwa rangi, moja nyekundu, moja nyeupe na moja nyeusi. Njia ya 6-2-1 sasa si tokeo moja, kwa kuwa 6 inaweza kuwa kwenye dadu yoyote kati ya tatu, na ikishapata mahali pake 2 inaweza kuwa kwenye yoyote kati ya mbili zilizobaki, nayo 1 huchukua iliyobaki mwisho. Hayo ni matokeo sita tofauti. Njia yenye namba mbili zinazofanana, kama 5-2-2, hutoa matokeo matatu tu, kwa kuwa kinachobadilika ni mahali pa 5 peke yake. Njia ya 3-3-3 hutoa tokeo moja, maana rangi zibadilishwe vyovyote vile, kila dadu inaonyesha 3. Ukijumlisha kwa utaratibu huo, 9 hupata 6, 6, 3, 3, 6 na 1, yaani 25. Na 10 hupata 6, 3, 6, 6, 3 na 3, yaani 27. Matokeo yote ya dadu tatu ni 6 × 6 × 6, yaani 216, hivyo uwezekano wa 9 ni 25/216 na wa 10 ni 27/216. Tofauti yake ni 2/216, ambayo haifikii hata asilimia moja, na inastaajabisha kwamba wachezaji waliihisi kwa macho na kumbukumbu peke yake. Rangi, bila shaka, hazibadilishi chochote katika dadu zenyewe. Dadu zisizopakwa rangi huanguka vilevile, na kinachobadilika ni jicho la anayehesabu.

Kanuni nyingine inayofundishwa pamoja na matukio sahili ni ile ya tukio kamilishi, yaani tukio la jambo kutotokea. Kwa kuwa jambo lolote ama hutokea ama halitokei, uwezekano wa pande hizo mbili ukijumlishwa lazima utoe 1, na kwa hiyo anayejua kwamba uwezekano wa kuokota gololi nyekundu ni 3/10 anajua papo hapo kwamba uwezekano wa kutoiokota ni 7/10. Shuleni kanuni hii huonekana nyepesi kiasi cha kutostahili kutajwa, lakini nguvu yake hudhihirika pale ambapo kuhesabu njia za kukosa ni rahisi kuliko kuhesabu njia za kupata. Mwaka 1654, katika barua za wanahisabati Blaise Pascal na Pierre de Fermat ambazo wanahistoria wengi huzihesabu kuwa chimbuko la nadharia ya uwezekano, Pascal alizungumzia swali la mchezaji mmoja, Chevalier de Méré, kuhusu kurusha dadu moja mara nne kwa nia ya kupata 6 angalau mara moja. Kuorodhesha njia za kupata 6 mara moja, mara mbili, mara tatu na mara nne kunachosha. Kuhesabu njia za kuikosa kabisa ni jambo la mstari mmoja, kwa kuwa kila mrusho una nyuso tano zisizo 6, na 5 × 5 × 5 × 5 ni 625, kati ya matokeo 6 × 6 × 6 × 6, yaani 1,296. Uwezekano wa kukosa ni 625/1,296, na wa kupata ni 671/1,296, karibu asilimia 51.8, yaani zaidi kidogo ya nusu.

De Méré alifikiri kwamba, ikiwa mirusho minne inatosha kwa dadu moja yenye nyuso sita, basi mirusho 24 ingetosha kwa dadu mbili zenye matokeo 36 anayetafuta 6 na 6 kwa pamoja, kwa kuwa 4 kwa 6 ni sawa na 24 kwa 36. Uwiano huo ni sahihi kama sehemu, lakini hautoi uwezekano. Uwezekano wa kupata 6 mbili angalau mara moja katika mirusho 24 ni karibu asilimia 49.1, chini kidogo ya nusu, na anayeweka fedha juu yake hupoteza polepole.

Baada ya sehemu kupatikana, hubaki swali la maana yake, na hapa wanafunzi huhitaji msaada kuliko mahali pengine popote. Kusema kwamba uwezekano wa kichwa ni 1/2 si kuahidi kwamba mirusho 10 italeta vichwa vitano. Mwanahisabati John Kerrich, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu Afrika Kusini, alikuwa Denmark kwa wakwe zake mwezi wa Aprili 1940 wakati majeshi ya Ujerumani yalipoivamia nchi hiyo, na akiwa raia wa upande wa adui alizuiliwa kambini mpaka vita vilipokwisha. Humo alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila tokeo, kisha akachapisha matokeo hayo katika kitabu cha mwaka 1946. Katika mirusho 10 ya kwanza alipata vichwa 4; katika 100, vichwa 44; katika 1,000, vichwa 502; na katika 10,000 zote, vichwa 5,067.

Namba hizo nne zinastahili kusomwa kwa mbinu mbili. Ukitazama sehemu, zinakwenda 0.4, 0.44, 0.502 na 0.5067, na zinajikusanya karibu na nusu kama nadharia inavyotaka. Ukitazama idadi yenyewe, mambo ni tofauti: kwenye mirusho 100 vichwa vilipungua 6 tu kufikia nusu kamili, na kwenye mirusho 10,000 vilizidi nusu kwa 67. Sarafu haina wajibu wa kulipa deni la vichwa vilivyopungua wala kusawazisha vilivyozidi. Tofauti na nusu kamili ilikuwa kubwa mwishoni kuliko mwanzoni, ila idadi ya mirusho ilikua kwa kasi zaidi na kuifanya tofauti hiyo ionekane ndogo. Anayeamini kwamba baada ya mienge mitano mfululizo kichwa sasa kimekaribia, anaipa sarafu kumbukumbu ambayo haina. Kerrich alifanya pia majaribio kwa kisahani cha mti kilichopakwa risasi upande mmoja, na hicho, kama ilivyotarajiwa, hakikukaribia nusu. Kwa kitu kama hicho mirusho mingi ndiyo njia pekee ya kuupata uwezekano.

Katika Afrika Mashariki na Kongo, mahali pamoja ambapo hesabu hizi zinagusa maisha ya watu wengi ni ugonjwa wa selimundu, ambao watu wengine huuita siko seli. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayoelekeza utengenezaji wa sehemu ya himoglobini, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama; nakala ya kawaida huandikwa A na ile ya selimundu huandikwa S. Mwenye A moja na S moja huitwa mbebaji, naye kwa kawaida haugui, na zaidi ya hapo ana kinga kiasi dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alilichapisha mwaka 1954 na ambalo linaeleza kwa nini jeni hii imeenea katika maeneo yenye malaria. Wabebaji wawili wanapopata mtoto, kila mmoja humpa nakala moja kati ya zake mbili, na kila nakala ina nafasi sawa ya kutolewa, hivyo matokeo yenye nafasi sawa ni manne: A ya baba na A ya mama, A ya baba na S ya mama, S ya baba na A ya mama, S ya baba na S ya mama. Mtoto wa mwisho ndiye mwenye selimundu, na uwezekano wake ni 1/4. Uwezekano wa mtoto mbebaji ni 2/4, yaani 1/2. Na wa mtoto asiyebeba kabisa ni 1/4.

Hii ni orodha ileile ya sarafu mbili, na kosa la d'Alembert linaingia hapa kwa urahisi uleule: anayeandika AA, AS na SS kuwa ndiyo matokeo matatu atawaambia wazazi kwamba hatari ni 1/3, kwa kuwa amefunga AS na SA pamoja bila kukumbuka kwamba fungu hilo ni la mawili. Kosa la pili, lile la kumbukumbu, lina madhara makubwa zaidi, maana wapo wazazi wanaoambiwa "mmoja kati ya wanne" wakaelewa kwamba, mtoto wa kwanza akiwa na selimundu, watatu wanaofuata watasalimika. Kila mimba ni jaribio jipya lenye matokeo manne yaleyale, na 1/4 ya mtoto wa nne haijui lolote kuhusu ndugu zake. Kwa njia ya tukio kamilishi, uwezekano wa wabebaji wawili kupata watoto wanne wasio na ugonjwa huo ni 3 × 3 × 3 × 3 juu ya 4 × 4 × 4 × 4, yaani 81/256, karibu asilimia 32, na uwezekano wa angalau mmoja kuwa nao ni 175/256, karibu asilimia 68.

Hesabu hiyo hubadilika kabisa pale ambapo mbebaji ni mmoja tu na mwenzake ana A zote mbili. Matokeo bado ni manne, kwa kuwa kila mzazi bado ana nakala mbili za kutoa, lakini mawili ni A na A, mawili ni A na S, na S na S haimo katika orodha hata mara moja; kila mtoto ana nafasi ya 1/2 ya kuwa mbebaji, na uwezekano wa kupata selimundu ni 0/4. Saudi Arabia na Bahrain zimefanya upimaji wa damu kabla ya ndoa kuwa sharti la kisheria tangu mwaka 2004, na wachumba wanaopimwa hujua, kabla ya mtoto yeyote kuzaliwa, ni orodha ipi kati ya hizi mbili inayowahusu.